Naomba ushauri: fiziotherapia ya michezo na maadili ya utafiti, naweza kuviunganisha?

Wakuu, habari zenu. Niko Mbeya, nina digrii ya fiziotherapia (tiba ya viungo), na jioni nawahudumia wachezaji wa timu moja ya mtaani huku Uyole. Nataka kuwa mhadhiri. Ninachopenda ni majeraha ya michezo, hasa misuli ya nyuma ya paja, ila kuna jambo linaninyima usingizi. Nikitaka kuwafanyia utafiti vijana hawa, nampa mtu fomu ya ridhaa huku kocha kasimama pembeni na filimbi yake. Atakataaje? Akishasaini, kocha naye anataka kujua goti la nani bovu kabla hajapanga kikosi! Na wengine hawajafika miaka 18, lazima mzazi ahusike. Azimio la Helsinki la 1964, ule mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka ridhaa ya hiari; sasa hiari ya kijana anayegombea namba iko wapi?

MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana uzamili wa maadili ya afya. Nianze na huo, au nitafute kwanza ufadhili wa kusoma fiziotherapia ya michezo nje? Mkubwa mmoja kazini kanambia maadili hayana ajira. Sijamwamini sana, lakini nina familia. Kamati za maadili ya utafiti zinachukua watu wa fani yetu? Aliyepita njia hii anijuze, hata inbox.