Hatumwachi melini

*Kikundi: Nyumba ya Kibokoni*

Mwanaisha: Assalaam aleikum nyote. Nimemaliza kitabu cha pili jana usiku, saa saba. Nimelala na donge kooni.

Khalati Zubeda: Waaleikum salaam mwanangu. Kile ulichokuwa ukikingoja tangu Ramadhani?

Mwanaisha: Ndicho khalati. Children of Virtue and Vengeance, cha Tomi Adeyemi. Kile cha kwanza, Children of Blood and Bone, ndicho nilichomsomea Nana kila siku baada ya isha, nikimgeuzia kwa Kiswahili.

Mama: Nana yuko hapa nami, amesikia. Auliza, yule msichana wa kijiji cha juu ya maji yu hai?

Mwanaisha: Yu hai Nana, Zélie wetu. Na zile nguvu za uchawi walizozitafuta zimerudi. Ila hazikuwarudia wao peke yao. Zimewapata na watu wa kasri, wale wale waliowaua mama zao. Waitwa titani. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatembea chumbani. Umeteseka kwa kitu, babako amekufa kwa ajili yake, siku unayokipata na adui yako kakipata. Nikasema basi hiki kitakipita cha kwanza.

Swaleh: Na kilikipita. Mie nilikipenda.

Mwanaisha: Swaleh, niambie kwa haki. Zélie na Amari ni marafiki au si marafiki?

Swaleh: Ni watu walio vitani. Vita haiwaachi watu kama walivyokuwa.

Mwanaisha: Sawa, lakini nionyeshe wakibadilika. Cha kwanza kilinionyesha. Amari anamshika Zélie sokoni Lagos amuombe amtoe mjini, na Zélie hamtaki kabisa, amwona ni binti wa mfalme aliyewamaliza watu wake. Ikachukua safari nzima. Walipigana, wakaogopa pamoja, Amari akamlilia Binta, mtumishi na rafiki yake aliyeuawa, mwisho akamuua babake mwenyewe. Nilipofunga kitabu kile nilikuwa tayari kuapa kwamba hawa wawili hawataachana. Hiki cha pili wagombana, wapatana, wagombana tena kwa neno lile lile. Inan, kakake Amari, naye hivyo hivyo, leo yuko huku, kesho yuko kule. Kila sura wanasimulia hao watatu kwa zamu, kwa hivyo mimi msomaji najua moyo wa kila mmoja, na wao hawaambiani! Nusu ya vita ile ingekwisha kama mtu mzima mmoja angewaketisha barazani.

Khalati Zubeda: Lo. Hayo yachosha.

Mama: Nani anapita Makadara leo? Nana ataka mabuyu.

Swaleh: Mimi nitapitia Mama.
Mwanaisha, kumbuka ni watoto. Amari amelelewa kasri, aona kiti cha enzi ndicho dawa. Zélie aona kiti hicho ndicho ugonjwa. Hata wakiketishwa hawaelewani.

Mwanaisha: Hilo ndilo nililotaka kulisoma! Umelisema wewe kwa mistari miwili. Kitabuni wanakaribia kulisema, kisha jengo laanguka au jeshi latokea.

Ami Athman: Nimekuwa nawasoma kimya. Mwanaisha, wamkumbuka Fumo Liyongo? Mwanawe alimchoma sindano ya shaba kitovuni. Hakuna usaliti mbaya kama ule. Lakini twajua kijana aliahidiwa nini, twajua babake alishamshuku na bado akamtajia siri yake. Ndiyo maana mpaka leo ukisimuliwa unaumia, unamlilia baba na mwana pia. Kisha Liyongo akafa amepiga goti kisimani, uta mkononi, na watu hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Msimulizi hakuharakisha hata kidogo.

Mwanaisha: Ami, hapo hapo! Kuna mahali Amari aamua kuupiga mji wa Ibadan akijua Zélie yumo ndani. Rafiki yake! Hiyo ndiyo sindano ya shaba ya kitabu hiki. Ilitakiwa initoe roho. Nilirudi nyuma kurasa kumi kuona kama nimeruka kitu, maana sikuona alifikaje pale. Nilikasirika, sikulia. Na nilitaka kulia.

Swaleh: Hapo nakubali. Pale palikwenda mbio mno.

Khalati Zubeda: Na mwisho wake?

Mwanaisha: Mwisho Zélie azinduka yumo melini, kwenye minyororo. Basi. Kitabu kimekwisha.

Ami Athman: Msichana mweusi, meli, minyororo. Sisi watu wa pwani neno hilo twalijua.

Mwanaisha: Ndiyo maana imeniuma ami. Jambo zito hivyo limewekwa ukurasa wa mwisho, kama mtu anayekwambia msiba akiwa ashapanda matatu.

Swaleh: Cha kwanza kilitoka Machi 2018, hiki Desemba 2019, cha tatu Juni 2024. Waliokisoma mwanzo waliachwa na ile meli miaka minne na nusu. Wewe cha tatu kiko tayari.

Mwanaisha: Sijui kama nakitaka. Na Nana sitamsomea hiki. Yeye alikipenda kile cha kwanza, alimlilia babake Zélie kama mtu wa mtaa huu. Sitaki kumharibia.

Mama: Ngoja. Nana anasema niandike kama anavyosema.
"Mwanaisha, mie nina miaka themanini, hadithi mbaya nimezisikia nyingi. Nisomee. Palipokwenda mbio tutasimama, utaniambia wewe ulivyotaka wasemezane. Yule mtoto amefiwa na babake, kisha yumo melini na minyororo. Hatumwachi humo."

Mwanaisha: Haya Nana wangu. Naja baada ya isha.

Mama: Swaleh, mabuyu yawe yale mekundu.