Tupeane uzoefu: Mliosoma na kujitolea Ghana na Afrika Magharibi kwa ujumla, njooni hapa

Kandambili
Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kwenye begi la zamani, ikadondoka kadi ya njano ya chanjo, na ndani yake noti ya cedi 1 imelegea kama kitambaa cha kufutia miwani. Nikakaa kitandani, cheti sikukitafuta tena.

Nilikuwa Legon, Chuo Kikuu cha Ghana, 2012 hadi 2013, mwaka mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Jumamosi nilikuwa najitolea kufundisha hesabu shule moja ya msingi pembeni ya Madina, mji wa jirani na chuo. Siku ya kwanza mwalimu mkuu akatangaza mstarini kwamba leo tumepata mgeni wa kujitolea kutoka nje ya nchi. Watoto wakapiga makofi. Mimi nimesimama palepale mbele na chaki zangu. Kabinti kamoja ka mstari wa kwanza kakanyoosha kidole kakauliza, "Sasa yuko wapi?" Kalikuwa kanamtafuta obroni, yaani mzungu.

Hilo ndilo lililonitesa mwaka mzima kuliko pilipili. Mzungu akikosea anachekewa na kufundishwa. Wewe ukiitwa kwa Kitwi, lugha ya huko, sokoni ukabaki umetoa macho, wanajua unaringa. Mama mmoja muuza nyanya aliniambia nimesoma mpaka nimesahau lugha ya mama yangu. Jamani, mama yangu ni wa Kilosa!

Nyie yaliwakuta yapi? Mwageni.

Mgosi Mtulivu
Hapo kwa kabinti nimecheka peke yangu ofisini. Pole mkuu.

Binti Saba
Umenikumbusha mbali. Mimi nilikaa Volta Hall, bweni la wasichana watupu. Wiki ya pili nimepanda trotro kwenda Circle, makutano makubwa ya Accra. (Wasioijua, trotro ni daladala yao, na konda wanamwita meti. Akizungusha kidole kuelekea chini ujue gari linakwenda Circle.) Mkono wa kulia nimekumbatia begi, nikampa meti nauli kwa mkono wa kushoto. Hakuipokea. Akaitazama tu ile hela, na gari zima likanyamaza. Mzee aliyekaa nyuma yangu akaanza kunifunda, na mimi sielewi hata neno moja, ila kwa sauti nilijua natukanwa kwa upole. Nilishuka Okponglo, mita chache tu kutoka chuoni, nikarudi kwa miguu nalia.

Mwana wa Ngamiani
Binti Saba, samahani, hilo si la Ghana. Hata kwetu Pwani kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kukosa adabu. Nyie wa bara ndio mnaona ajabu.

Binti Saba
Nani kakwambia mimi wa bara? Na kwetu ukiwa umeshika mzigo unasema "samahani kwa kushoto" maisha yanaendelea. Kule samahani haikusaidii.

Mwana wa Ngamiani
Sawa mama. Yaishe.

Odongo Pole Pole
Mimi Mkenya, niliponea chupuchupu siku ya kwanza kabisa. Kule magari yanapita kulia, walibadilisha 1974, na mimi nimezoea ya kwetu. Naangalia kulia, barabara nyeupe, naweka mguu, kumbe kifo kinatoka kushoto. Mwanamke aliyekuwa na beseni la maji ya vifuko kichwani alinivuta shati na beseni halikutikisika. Nilinunua vifuko vitano kwa aibu. Maji yenyewe unang'ata kona ya kifuko unafyonza. Mimi nilijimwagia kifuani, akacheka hadi akaketi.

Kiberiti Kimelowa
Nyie mna bahati, mlienda na vyuo. Mimi nilipitia shirika moja la kupeleka watu kujitolea, jina nakaa nalo. Nililipa ili nijitolee. Hela ya malazi, ya chakula, ya "mchango wa jamii". Kufika kijijini, ukuta tuliopaka rangi ulikuwa umepakwa na kundi lililopita. Chini ya rangi yetu ya bluu kulikuwa na bluu.

Pembe la Ng'ombe
Umelipa ili ufanye kazi bure? Mkuu, hapo ulipigwa.

Kiberiti Kimelowa
Nimesema nililipa, sijaomba uamuzi.

Pembe la Ng'ombe
Mimi nashangaa tu. Mbagala kuna kuta ngapi hazina rangi? Vijana wetu wanakwenda kusaidia Ghana, nchi yenye dhahabu na kakao, wakati bibi yake kijijini choo kimebomoka.

Kandambili
Pembe, uzi huu ni wa uzoefu. Kama hujawahi kufika tuachie jamvi. Na nikujibu: watoto wa Madina walinifundisha zaidi ya nilivyowafundisha. Mimi nilizaliwa Alhamisi, wakaniita Yaw, hadi leo simu ya namba ya +233 ikiingia najua hapa nitaitwa Yaw.

Mwana Bukavu
Jambo ndugu zangu. Miye nilisoma Dakar, Senegal, Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Kifaransa hakikunisumbua, ni Wolof. Profesa akitoka tu darasani, Kifaransa kinatoka naye. Ila watu wa kule wana chai yao wanaita ataya, unakunywa duru tatu, ya kwanza chungu na ya mwisho sukari tupu, saa mbili zinapita bila mtu kuulizana jina. Pale ndipo nilijifunza Wolof, si kwa kitabu.

2014 ndio mwaka mubaya. Ebola. Senegal ilipata mgonjwa mmoja tu, mwanafunzi aliyetoka Guinea, na akapona. Lakini nilipotua nyumbani Desemba, shangazi yangu alinipa chai kwa kikombe cha plastiki, halafu akakitupa.

Mgosi Mtulivu
Mimi nilitoka Ghana mwaka huohuo. Ghana haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Nilieleza hilo mpaka nikachoka. Mchumba aliniambia tuonane baada ya siku 21. Hatukuonana tena.

Yaw wa Mbeya
Naona kuna Yaw mwingine hapa, mimi pia wa Alhamisi. Nilikuwa nimeapa kisa hiki nitazikwa nacho.

Mwaka 2015. Chuo sikitaji, toshekeni na Ghana. Muhula ule nilikuwa najitolea shule ya msingi upande wa Ho, mkoa wa Volta, kwa Waewe. Nafundisha la kwanza kuhesabu, wao wananifundisha mimi kuhesabu. Tukajikusanya wenye kujitolea: Waghana watatu, Mnigeria, Mbenin na mimi, tukasema Jumamosi twende Lomé. Mpaka wa Aflao unaukanyaga huku unaiona bahari, na Lomé inaanzia getini. Wenzangu wote ni watu wa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, wanavuka kwa kitambulisho kama mtu anayetoka Kariakoo kwenda Ilala. Mimi nikapewa viza ya Togo ya siku 7 palepale mpakani, nikajiona mtu wa dunia. Tukala samaki, tukapiga picha.

Jumapili jioni tunarudi. Wenzangu wakapita. Afisa akafungua pasi yangu, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Akauliza, "Viza yako ya Ghana ni ya kuingia mara ngapi?"

Wakuu. Ilikuwa ya kuingia mara moja. Ruhusa ya kukaa ilikuwa bado inashughulikiwa, ushahidi wangu ni risiti, na risiti ipo Ho ndani ya kamusi. Afisa hakunionea, kosa langu tupu. Akanirudishia pasi kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote, akaninyooshea kidole Togo.

Simu asilimia 4. Faranga zote zimeishia kwenye samaki. Kifaransa najua bonjour. Na Jumatatu saa tatu asubuhi nina mtihani.

Ngoja nimchukue mtoto shule, nakuja.

Odongo Pole Pole
Wacha! Unatuacha hapo?

Pembe la Ng'ombe
Hii chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Binti Saba
Chai ipi? Mimi rafiki yangu Mrundi alikwama hivyohivyo. Watu mkisikia Afrika Magharibi wanavuka bila viza mnadhani na nyie mmo.

Pembe la Ng'ombe
Risiti ndani ya kamusi? Nani anaweka risiti ndani ya kamusi?

Kandambili
Mimi yangu ya Legon ilikaa ndani ya Biblia. Tulia.

Mwana wa Ngamiani
Wakati tunamngoja, mnisaidie: kijana wangu anakwenda Agosti. Abebe unga?

Mgosi Mtulivu
Abebe kilo tano. Banku ni ugali uliochacha, mwezi wa kwanza hautapita kooni.

Odongo Pole Pole
Asibebe kitu. Banku na tilapia na ile pilipili nyeusi wanaita shito, akirudi atakuwa anaulilia. Ila fufu asitafune. Inamezwa. Mimi nilitafuna mezani kwa mwenyeji wangu, watoto wakaita majirani.

Binti Saba
Ale waakye, wali na maharage, rangi ya kahawia kwa sababu unapikwa na majani ya mtama. Atajiona yuko nyumbani. Adapta asinunue, soketi ni zilezile zetu za pini tatu. Na mtu akiwa anakula akamwambia "umealikwa", ni heshima tu. Asinawe mikono akakaa.

Mgosi Mtulivu
Mimi nilinawa.

Mwana wa Ngamiani
Na huo wali mwekundu wanaogombania na Wanigeria?

Odongo Pole Pole
Jollof. Mzuri. Lakini mbele ya pilau ya harusi ya Mombasa ni mgonjwa.

Kiberiti Kimelowa
Chanjo ya homa ya manjano achanje angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi ikiisha miaka 10 anachanja tena.

Binti Saba
Haiishi. Tangu 2016 ni ya maisha.

Kiberiti Kimelowa
Mimi walinichanja tena.

Pembe la Ng'ombe
Ulipigwa tena.

Yaw wa Mbeya
Nimerudi. Naona nimeitwa muuza chai, sawa.

Nikakaa kwenye ukuta upande wa baharini. Giza limeingia. Jirani yangu kuna mama anachoma mahindi, anaongea na wateja, na mimi nasikia maneno ninayoyajua! Waewe wako pande zote mbili za ule mpaka, lugha ni ileile. Nikamsogelea. Kiewe changu ni cha darasa la kwanza, sijui kusema "nimekwama", sijui kusema "viza". Ninachojua ni kusalimu, kushukuru na kuhesabu. Basi nikasalimu, nikashika kijiti, nikaanza kuyahesabu mahindi yake jikoni kwa sauti: deka, eve, eto, ene, ato. Niliimba kabisa, maana watoto wangu huimba.

Yule mama alicheka akaangusha pepeo. Akaita wenzake, nikarudia. Sijui waliniona chizi ama nini. Nilipewa hindi, nikasema akpe. Nikawaonyesha pasi, akaja kijana mmoja anayejua Kiingereza kidogo, mambo yakaeleweka. Nililala kwenye benchi nyuma ya duka la kaka yake yule mama, simu ikachajiwa. Jumatatu nikaenda ubalozi wa Ghana palepale Lomé, huku wenzangu wamenitumia picha ya risiti. (Pembe, ilikutwa kwenye herufi R.) Jumatano nikapata viza. Mtihani ulishapita, lile somo nikalirudia mwaka uliofuata na wadogo zangu.

Mwana Bukavu
Eh ndugu, Mungu mukubwa.

Pembe la Ng'ombe
Nafuta kauli ya chai. Ya herufi R bado naifikiria.

Binti Saba
Ulimrudia yule mama kumshukuru?

Yaw wa Mbeya
Nilirudi mwezi wa sita, viza ya kuingia mara nyingi, nimembebea kanga. Akaipokea, akajifunga palepale, akanikumbatia. Nikaagiza mahindi mawili. Akanitajia bei ya yevu.

Mgosi Mtulivu
Yevu ndiyo nini?

Yaw wa Mbeya
Mzungu.

Kandambili
Mwaka mzima nilikililia cheo hicho Madina, wewe umekipata kwenye mahindi!

Chapati Baridi
Samahani wakuu, nimechelewa, sijasoma zote. Hivi kule mtu anaweza kwenda na unga?