Tupeane uzoefu: ukurasa gani wa riwaya za wapiga upinde ulikufanya ufunge kitabu?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa tatu huu nimezama kwenye riwaya za ile vita ndefu ya Uingereza na Ufaransa, iliyoanza 1337 ikaja kuisha 1453. Siongelei zile za wafalme na harusi za ikulu. Naongelea zile ambazo anayesimulia ni mpiga upinde wa kawaida, mtoto wa mkulima, analipwa peni sita kwa siku, na mwandishi hamfichi msomaji kitu: matope yamo, njaa imo, farasi aliyechomwa mshale analia mpaka unamsikia. Vitabu vyenyewe nanunua kwa wauza mitumba, vya Kiingereza, kurasa zimeshalegea.

Ukurasa wangu ni wa pigano la Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa. Jeshi la Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, limetoka kuuzingira mji wa Harfleur karibu majuma matano. Mji umesalimu amri, lakini kambini kuhara damu kumeshafagia watu. Askofu wa Norwich, rafiki wa mfalme, kaondoka kwa tumbo hilohilo. Waliobaki wanatembea zaidi ya kilomita 300 wakiitafuta bandari ya Calais, mvua juu yao, chakula kimeisha. Tarehe 25 Oktoba 1415 wanajipanga kwenye shamba lililolimwa juzijuzi, na wapiga upinde wengi wameshusha suruali zao, kwa sababu tumbo haliwapi nafasi. Kwamba walizishusha, liliandikwa na watu wa karne ileile. Wakapigana hivyohivyo, miguu kwenye matope.

Nilifunga kitabu kwa kuwa tumbo hilo nalijua. Miaka sita iliyopita nilishikwa na amiba nikiwa kwenye basi la Dar kwenda Mwanza. Kufika Singida sikuweza kunyanyua begi langu dogo la mgongoni. Sasa upinde wa watu wale ulitaka nguvu ya kilo 45 kwenda juu, karibu sawa na kuvuta mfuko wa saruji kwa vidole, na aliyezoea alitoa mishale kumi kwa dakika. Nilikaa nikiutazama mkono wangu.

Karibuni. Wewe ulikwama wapi?

Nesi, Iringa

Mimi ni mshale wa pigano la Shrewsbury, Uingereza, 1403. Huyohuyo Henry, kabla hajawa mfalme, ana miaka 16, anapigwa mshale usoni kando ya pua. Wano, yaani mti wa mshale, likatolewa, kigumba, ile ncha ya chuma, kikabaki ndani kama sentimita 15. Nilikuwa zamu ya usiku, wodi imetulia, nikajikuta nasoma nimesimama.

Daktari aliyemtibu, John Bradmore, aliandika mwenyewe alivyofanya. Aliipanua njia ya jeraha kidogokidogo kwa vijiti vilivyoviringishiwa kitani na kuchovywa kwenye asali ya mawaridi, kila kijiti kinene kuliko kilichotangulia. Kisha akabuni koleo jembamba lenye skrubu katikati, akaliingiza mpaka kwenye tundu la kigumba, akalikaza likashika, akavuta taratibu huku akilichezesha. Akaosha kwa divai nyeupe. Baada ya siku ishirini kidonda kilikuwa safi.

Nasikia watu wakisema matibabu ya zama zile yalikuwa ya kubahatisha. Yale yalikuwa kazi ya fundi. Hata leo kuna vidonda sugu tunavyovifunga kwa asali, na ile subira ya kutanua jeraha siku baada ya siku naijua vizuri. Kilichonifanya nifunge kitabu ni kwamba hakuna ganzi. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16. Nilimwona yeye kwenye kile kiti.

Mjukuu wa mwindaji, Kitui

Nesi, pole na zamu. Hii yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa upinde. Sisi Wakamba tunauita uta. Aliuweka juu ya boriti za paa, mishale kwenye podo ya ngozi, na vigumba vyenye sumu vimefungwa kwa ngozi laini ili mtoto asijichome. Kila likizo ya Desemba nilimwomba nijaribu, bila mshale. Kila Desemba upote, yaani kamba ya upinde, ulisogea kidogo kuliko mwaka uliopita, kisha mikono ikaanza kutetemeka. Hakunicheka hata siku moja. Alisema tu, "Njoo mwakani."

Kwa hiyo nilipokuta kwenye riwaya kwamba mtoto wa Kiingereza alipewa upinde wa kimo chake, na kila alivyokua akapewa mzito zaidi, sikuhitaji kuelezwa. Mwaka 1363 mfalme wao Edward wa Tatu aliamuru wanaume wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, waache michezo ya mpira. Nilimwelewa. Bunduki unaweza kumpa mtu akaizoea kwa majuma machache. Upinde ule unaanza na mvulana wa miaka saba.

Ila kuna tofauti moja ambayo riwaya zile zilinisaidia kuiona. Upinde wa babu haukuwa mzito kama wa kwao, kwa sababu kazi ya kuua ilifanywa na sumu ya msunguti. Mshale ulitakiwa uingie tu, basi. Mwingereza hakutumia sumu vitani. Mbele yake kuna mtu aliyevaa deraya ya chuma kichwani hadi miguuni, na hana kingine cha kumfikia nacho ila nguvu ya mgongo wake mwenyewe. Ndiyo maana upinde ulikuwa mzito hivyo. (Huku kwetu, waliosifika kwa pinde nzito ni Waata wa upande wa Tsavo, waliowinda ndovu.)

Sasa ukurasa wenyewe. Mpiga upinde mzee yuko kambini alfajiri. Anatia upote kwenye upinde aliotembea nao miaka ishirini, anauvuta, mkono unaishia kidevuni. Haufiki sikioni. Anatazama kama kuna aliyemwona, kisha anakwenda kuomba upinde wa kijana aliyekufa usiku.

Babu alifanya hivyo mbele yangu. Nilikuwa darasa la sita. Aliushusha upinde, akauvuta mara moja, akautazama. Akautoa upote, akauzungusha vidoleni kama mtu anayekunja uzi, akautia mfuko wa koti. Haukurudi tena kwenye upinde ule. Nilifunga kitabu nikatoka nje.

Mwanachama, Mombasa

Asanteni kwa kutumia upote, podo, wano na kigumba. Nyingi ya riwaya hizi tunazisoma kwa Kiingereza mpaka tunasahau kwamba maneno tunayo, tena ya kale. Ukisoma Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate 1728, utakuta vita tele, wapiganaji na farasi na panga. Lakini mle shujaa hasumbuliwi na tumbo. Kwangu hilo ndilo jipya la riwaya hizi, na ndilo linalonirudisha.

Mwanachama, Bujumbura (mtu wa Bukavu)

Ndugu zangu, mimi kitabu nilikifunga miezi minne.

Mwandishi alinifanya nimpende kijana mmoja mpiga upinde kwa kurasa karibu mia mbili. Nilimjua mama yake, nilijua anavyochagua manyoya ya bata bukini kwa mishale yake. Halafu inakuja safari ya 1355, mtoto wa mfalme wa Uingereza anatoka Bordeaux anakata kusini mwa Ufaransa mpaka Narbonne. Hawakwenda kutafuta jeshi. Walikwenda kuchoma vijiji, maghala na vinu, ili mfalme wa Ufaransa akose kodi na watu wake waone kwamba hawezi kuwalinda. Yule kijana wangu akapewa kijinga cha moto, akakiingiza kwenye paa la nyasi. Ukurasa uliofuata anakula kuku wa nyumba ileile.

Kwetu sisi tulikuwa wenye nyumba. Naomba niishie hapo kwa hilo.

Nilikirudia baadaye kwa sababu mwandishi hakumtetea. Hakusema alilazimishwa, hakumpa ndoto mbaya za kumsafisha. Alimwacha na mafuta ya kuku mdomoni. Sijui kama nilimsamehe huyo kijana, lakini mwandishi nilimwamini. Ningependa siku moja nisome riwaya ya vita hiyohiyo inayosimuliwa na mke wa mwenye kinu.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Mkuu wa Bujumbura, pole sana, na asante kwa kutuamini.

Maneno yako yamenirudisha Agincourt, sehemu niliyoiruka. Mchana ule Waingereza wameshika mateka wengi, kila mateka ni fedha, maana familia yake italipa fidia. Inasikika kwamba Wafaransa wanajipanga upya, na Henry anaamuru mateka wauawe. Wenye vyeo wanasita. Kazi wanapewa wapiga upinde. Niliruka kurasa nne hapo kwa sababu nilitaka kuendelea kuwapenda wale watu wa matope na tumbo. Usiku huu narudi kuzisoma.

Mtanzania, Portsmouth

Mimi naishi jirani na pinde zenyewe. Hapa kuna makumbusho ya Mary Rose, merikebu ya Henry wa Nane iliyozama 1545 mbele ya bandari hii, ikainuliwa 1982. Ni ya miaka mingi baada ya Agincourt, lakini ndimo zilimopatikana pinde za kivita nyingi kuliko popote: 137 nzima, na mishale zaidi ya 3,500. Unapita mbele ya kioo unaziona, za mti wa myuu, ndefu kuliko mimi.

Kilichonisimamisha siyo pinde. Ni mifupa ya mabaharia na askari. Baadhi yao kile kifupa cha ncha ya bega, ambacho kwa mtu mzima huwa kimeshaungana na bega, kimebaki mbali. Wataalamu wanaona chanzo huenda ni kuvuta pinde nzito tangu utotoni, kabla mifupa haijakomaa. Mjukuu wa mwindaji, nilipokusoma na zile Desemba zako niliikumbuka mifupa hiyo.

Mjukuu wa mwindaji, Kitui

Dada wa Portsmouth, umenifanya nimpigie mama simu usiku huu.

Nilimuuliza kama mabega ya babu yalikuwa sawa. Akanyamaza kidogo, akasema hapana, shati halikuwahi kumkaa. Fundi wa cherehani pale sokoni alikuwa akimpima kila bega peke yake.