Mrejesho: kitambulisho changu kilichovuja

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza nifanyeje baada ya orodha ya wanachama wa sacco yetu hapa Likoni kuvuja, na majina, simu na namba za vitambulisho vyetu. Ahsanteni sana mlionijibu.

Nilipiga *106#, ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, mlivyonielekeza. Laini mbili nisizozijua zimesajiliwa kwa jina langu! Nikavuka feri asubuhi yake hadi duka la mtandao wa simu, wakazifunga papo hapo. Mama yangu pia nimemwangalizia. Yake ni safi, alhamdulillahi.

Malalamiko nimepeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Nangoja.

Matapeli ndio hawajakoma. Jana mmoja alinisomea kitambulisho changu chote, nikakata simu. Hilo sijalipatia dawa.