Ukipewa nafasi ya kubadili kanuni moja tu ya hoki ya barafuni, utachagua ipi?

Mzee wa Kizimba (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu. Kila msimu tunalalamika kuhusu kanuni, na kila mtu ana orodha ndefu kama ya wageni wa harusi. Leo tubanane: kanuni moja tu. Na sitaki ndoto. Iwe imeshajaribiwa mahali fulani, au ilikuwepo zamani ikaondolewa, ili tuwe na kitu cha kupimia.

Kwa wageni, kwa kifupi. Kila timu ina watu sita barafuni akiwemo kipa, vipindi ni vitatu vya dakika 20. Kosa dogo linakupeleka kizimbani dakika 2 na timu yako inabaki pungufu. Wapinzani wakifunga kabla muda haujaisha, unaachiwa. Ukiipiga paki (kile kisahani cheusi cha mpira mgumu) kutoka nusu yako ikapita uwanja mzima na kuvuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa, hiyo ni aisingi: mchezo unasimama, paki inarudishwa upande wako na kuangushwa kati ya wachezaji wawili waigombanie.

Nazoweka mezani ni hizi:

A. Pointi ziwe 3 kwa kushinda ndani ya dakika 60, 2 kwa kushinda muda wa nyongeza au mikwaju, 1 kwa kufungwa huko, 0 kwa kufungwa ndani ya dakika 60.

B. Timu iliyo pungufu isiruhusiwe tena kufanya aisingi bure (sasa inasamehewa, mchezo hausimami).

C. Aliyeko kizimbani amalize dakika zake 2 hata wakifungwa mara tatu.

D. Goli lipanuliwe.

E. Timu pungufu ikifunga, mtu wake anatoka kizimbani palepale.

Kura yangu ni C. Nipingeni.

Takwimu Tupu

Mzee, D umeiingiza kinyume cha sharti lako mwenyewe, lakini tuyaache.

Mimi ni A, na sijali kabisa kuhusu hizo nyingine. Tazameni hesabu ya NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, ilivyo sasa. Ushindi ni pointi 2 upate vyovyote vile. Kufungwa ndani ya dakika 60 ni 0. Kufungwa baada ya hapo ni 1. Maana yake mechi ikiisha kwa wakati wake ina thamani ya pointi 2, ikichelewa ina thamani ya 3. Ile ya tatu imetoka wapi? Haikutoka popote, imechapishwa tu.

Sasa jiweke kwenye benchi. Dakika ya 55, ni 2-2, timu mnalingana. Mkiamua kumalizana sasa, nusu kwa nusu, wastani wako ni pointi 1. Mkisubiri kipenga, una 1 mfukoni tayari na nusu ya nafasi ya kupata nyingine: 1.5. Kocha gani mwenye akili atamtuma beki wake mbele? Ndiyo maana dakika tano za mwisho za mechi nyingi zilizo sare zinafanana na watu wanaosubiri basi.

Na kinachonikera ni kwamba kanuni hii ililetwa kutibu ugonjwa huohuo. Kabla ya 1999 ukifungwa kwenye nyongeza ulipoteza hata ile pointi ya sare, kwa hiyo timu zilikaa kimya kwenye nyongeza zikiilinda. Wakasema, haya, pointi moja ni yako, nenda ukacheze, tena wakapunguza watu wakawa wanne kwa wanne, bila kuhesabu makipa. Nyongeza ikachangamka kweli. Usingizi ukahamia kipindi cha tatu. Mikwaju ikaja 2005 sare zikafutwa, mwaka 2015 wakapunguza tena wakawa watatu kwa watatu, na pointi ya tatu bado ipo. Tena siku hizi hata hao watatu wamejifunza kurudi na paki kwao, kuzungukazunguka na kubadilishana watu hadi wapate nafasi ya uhakika.

Barafu Moto

Takwimu, hesabu yako ni sahihi ila umeimalizia njiani.

Kwa A kila mechi ina pointi 3, sawa. Timu mbili zinazolingana: kumalizana sasa ni wastani wa 1.5, kusubiri ni 1.5. Kwa hiyo A haimlazimishi mtu kushambulia, inaondoa tu zawadi ya kusubiri. Na timu zikiwa hazilingani? Mnyonge aliye ugenini kwa kigogo, 1-1 dakika ya 55, bado anaitaka ile pointi 1 kuliko kitu chochote duniani. Atapaki basi (na paki ataipiga jukwaani akibanwa). Nimeangalia ligi za Sweden na Finland kwa miaka, huko ni pointi 3, na mabasi yanapakiwa vizuri tu.

Hata hivyo ningeipigia A kura kabla ya D. Ukitaka kuona hoki bila hesabu za mezani, angalia mtoano wa NHL. Hakuna pointi, hakuna mikwaju, watano kwa watano, vipindi vya dakika 20 hadi mtu afunge. Mwaka 1936 Detroit Red Wings na Montreal Maroons walicheza nyongeza ya dakika 116 na nusu kabla ya Mud Bruneteau kufunga bao pekee la mechi. Nadhani waliobaki uwanjani usiku ule walistahili kulipwa.

Kipa Mstaafu

Nimeona D nikakohoa.

Goli ni mita 1.83 kwa 1.22 na wakuu wanasema ni dogo. Ingieni nyinyi mkae pale mbele paki ya gramu 160 na ushee, iliyogandishwa makusudi ili isidunde, inakuja kutoka kwenye gongo la mtu usiyemwona. Halafu mniambie kama ni dogo.

Utani kando, shida ya D ni hii: ukipanua goli, shuti la mbali linakuwa na faida. Likiwa na faida, kila mtu atapiga kutoka kwenye mstari wa buluu, pale eneo la kushambulia linapoanzia, akitumaini. Pasi tatu nzuri za kumhamisha kipa huku na huku zitakuwa kupoteza muda. Mtapata mabao mengi na mchezo mbaya. Walipotaka mabao mwaka 2005 walipunguza vifaa vyetu, pedi za miguu zikawa na upana usiozidi sentimita 28. Hiyo naikubali hata kama ilinipa michubuko, kwa sababu ililipa ufundi na haikulipa bahati.

Nafuta D. Nani anapinga? Hakuna. Tuendelee.

Dada wa Mstari wa Buluu

B, kaka zangu. Sielewi kwa nini hata tunajadili.

Fikirini kama mtu asiyeujua mchezo. Timu imefanya kosa. Adhabu yake ni kucheza pungufu. Halafu kanuni ya aisingi, inayowabana wengine wote, wao wanasamehewa. Yaani ukikosea unaruhusiwa kufanya kitu ambacho asiyekosea haruhusiwi! Ukimweleza mtoto atakuangalia mara mbili.

Na athari yake si ndogo. Angalieni dakika 2 za adhabu zinavyoenda. Wapinzani wanahangaika sekunde 15 kuingia, wanajipanga, wanapiga, kipa anazuia, beki anaokota na kuifyatua hadi mwisho wa uwanja. Wanne waliochoka wanaenda benchi, wanne wapya wanaingia, wapinzani wanarudi kuifuata paki. Kipande kikubwa cha adhabu kimeishia kwenye safari. Ukiondoa msamaha, na kwa kuwa tangu 2005 timu iliyofanya aisingi hairuhusiwi kubadilisha watu, wale wanne watabaki wanahema mbele ya kipa wao. Hapo ndipo adhabu inakuwa adhabu.

Sharti la Mzee limetimizwa pia: USA Hockey, chama cha hoki cha Marekani, waliondoa msamaha huo mwaka 2017 kwa watoto wa miaka 14 kushuka chini. Lengo ni mtoto ajifunze kutoka na paki kwa akili, kwa pasi, asiifyatue tu.

Barafu Moto

Dada, kwa watoto naelewa. Kwa wakubwa naona filimbi nyingi. Beki hatajifunza pasi, atajifunza kuiinua paki juu ya vichwa vya watu idondoke katikati ya uwanja. Akikosea kidogo ni aisingi, mchezo unasimama, wanapumua. Umewanyima kubadilisha watu lakini umewapa sekunde 30 za kusimama. Halafu paki inaangushwa, fundi wao anaishinda, anainua tena.

Dada wa Mstari wa Buluu

Kuinua si rahisi hivyo ukiwa na mtu kifuani. Ikitoka nje juu ya kioo kinachozunguka uwanja kutoka eneo lako, NHL ni kizimbani dakika 2 nyingine tangu hiyohiyo 2005. Acha wajaribu, tutawahesabu watatu.

Mzee wa Kizimba

Mnanisahau mimi na C yangu. Hii ndiyo ilikuwa sheria ya asili. Tarehe 5 Novemba 1955, Jean Béliveau wa Montreal Canadiens aliifunga Boston mabao matatu ndani ya sekunde 44, timu yake ikiwa na watu zaidi barafuni. Sekunde 44! Montreal walikuwa wakiua mechi kwa adhabu moja. Ligi ikaona haya, mwaka 1956 ikabadilisha: bao moja, mtu anatoka. Kwa maoni yangu waliadhibiwa kwa kuwa wazuri. Irudisheni, muone kama watu watashikana jezi ovyo.

Mwamuzi wa Mtaa wa Pili

Nachezesha ligi ya watu wazima, wa ridhaa, wale wanaokuja baada ya kazi. Niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha kanuni.

Adhabu ikiwa kubwa, mkono unakuwa mzito. Nikijua kwamba kumtoa mtu kwa kosa la kumnasa mwenzake kwa gongo kunaweza kuleta mabao matatu na kumaliza mechi, nitaanza kujiuliza: lilikuwa kosa kweli, au aliteleza? Dakika ya 58, ni 3-3? Sijaona kitu. Sisemi ni haki, nasema ndivyo binadamu alivyo. Mwisho wake ni makosa mengi zaidi, si machache, maana wachezaji wanausoma mkono wangu haraka kuliko mimi mwenyewe.

Hapo C inanishinda. B nayo inaniongezea kazi, ila ni kazi ya macho: ilivuka au haikuvuka. E na A hazinigusi kabisa. Nikiwa mbinafsi, nachagua kati ya hizo mbili.

Gongo Refu

Mbona hakuna aliyetaja kupigana? Pigeni marufuku kabisa. Michezo ya Olimpiki ukirusha ngumi unatolewa, NHL unakaa dakika 5 unarudi ukiwa shujaa.

Mzee wa Kizimba

Gongo, hilo lina uzi wake na lina kurasa 60. Usituletee moto hapa.

Gongo Refu

Sawa mzee. Basi niruhusu F: kocha asiruhusiwe kupinga bao kwa madai ya kuotea, yaani mchezaji kuingia eneo la kushambulia kabla ya paki. Mwaka 2013 Matt Duchene wa Colorado alifunga dhidi ya Nashville akiwa ameotea waziwazi hadi mwenyewe akashangaa, na miaka miwili baadaye tukaletewa marudio ya video. Ililetwa kwa kuotea kama kule, kwa mita. Inatumika kwa kuotea kwa unene wa chuma cha kiatu, tena sekunde 40 kabla ya bao, wakati paki imeshazunguka eneo zima na mabeki walikuwa na nafasi tatu za kuiondoa. Mwaka 2020 walilegeza, mguu ukiwa hewani juu ya mstari unahesabika, na bado tunakaa tunatazama watu wawili wameinamia kishikwambi.

Kipa Mstaafu

F naipenda kwa roho, na nilikuwa nafungwa mimi. Weka kikomo: kama zimepita sekunde kadhaa tangu paki ivuke mstari, bao libaki. Lakini hilo halijajaribiwa, Mzee atatufukuza.

Takwimu Tupu

Hakuna aliyeizungumzia E na inastahili. PWHL, ligi ya wanawake ya Marekani na Kanada, wanayo tangu msimu wa kwanza ulioanza Januari 2024. Wanaiita kuvunja jela. Uzuri wake ni kwamba inampa aliye pungufu sababu ya kushambulia, na anaposhambulia anaacha pengo nyuma. Pande zote mbili zinapata nafasi. Ubaya wake ni kwamba mabao ya timu pungufu ni machache, kwa hiyo mechi nyingi zitapita kanuni haijaguswa. Ni pilipili. A ni chakula chenyewe, na ligi hiyohiyo inatumia A pia.

Mzee wa Kizimba

Mwamuzi amenikata miguu. Sikuwahi kuifikiria C kutoka kwenye mkono wa mwenye filimbi. Naiondoa. Nimebaki kati ya A na B, na Barafu ameshanionyesha kwamba A haimwamshi mnyonge.

Barafu Moto

Haimwamshi mnyonge, lakini inaacha kumlipa kigogo asinzie naye. Nikisema ukweli, nikiambiwa kesho niweke moja, naweka A. Haina filimbi ya ziada, haina video, mchezaji hajifunzi kitu kipya. Unabadilisha jedwali tu.

Dada wa Mstari wa Buluu

B. Sihami.

Kipa Mstaafu

Dada, mimi kama kipa nakuomba uhame. Wale wanne wanaohema wako mbele yangu.

Mgeni wa Barafu

Samahani wakuu, nimeanza kufuatilia mchezo huu juzi tu. Nimesoma uzi wote, kuna kitu sijakielewa. Kwa sasa, timu ikifungwa kwenye mikwaju, inapewa pointi? Kwa kufungwa?

Takwimu Tupu

Ndiyo, mkuu. Moja.

Mgeni wa Barafu

Na aliyeshinda hapunguziwi?

Takwimu Tupu

Hapunguziwi. Anachukua 2 zake zote.

Mgeni wa Barafu

Basi niandikieni A.