Mrejesho: Kukata chuma kwa msumeno wa ukanda

Mafundi wenzangu, niliuliza kama msumeno wa ukanda wa wima (ukanda wa meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili), uliokuwa ukipasua mbao katika karakana yetu hapa Lamu, unaweza kukata mabamba ya chuma ya bawaba za usukani wa jahazi bila kuhatarisha vidole. Nawashukuru mlionijibu, kazi sasa inakwenda.

Aliyesema nianze kwa kupunguza kasi alisema kweli. Kwenye mbao ukanda hukimbia mamia ya mita kwa dakika, ilhali chuma cha kawaida kwa ukanda wa chuma cha kaboni hutaka kiasi cha mita 30 tu, kwa hiyo tumefunga giaboksi ya kupunguza mwendo, kwani puli peke yake hazikutosha. Meno yasiyopungua matatu sharti yawe ndani ya chuma wakati wote. Bamba la milimita 3 likikatwa kwa meno makubwa, jino hunasa ukingoni na kung'oka.

Kiongozi cha juu, yaani kishikio kinachouelekeza ukanda usiyumbe, tunakiteremsha hadi milimita 5 hivi juu ya bamba, nalo bamba husukumwa kwa kipande cha mti. Glavu hazivaliwi, ingawa fundi wetu mzee alinung'unika sana, maana ukanda ukinasa uzi huvuta na mkono. Nondo nayo hujiviringisha ghafla, basi tunaibana kwenye jiliwa dogo.

Unga wa mbao chini ya magurudumu tuliufagia kwanza, usije ukashika moto kwa chembe za chuma. Stenlesi sijaigusa: inataka kasi ndogo zaidi, na ukanda wa baimetali (wa metali mbili zilizounganishwa) nimeuagiza Mombasa.