Picha za utupu baina ya watoto: mkosaji ni nani?

Mjomba wa Ujiji: Ndugu zangu, salaam. Mpwa wangu wa miaka 15 alimtumia mvulana wa miaka 16 picha yake ya utupu, nao walipokosana mvulana akaisambaza katika kundi la WhatsApp la darasa. Dada yangu anataka twende polisi, lakini mimi nasita, kwa kuwa nimeambiwa kwamba hata binti aliyejipiga picha huweza kushtakiwa. Je, ndivyo sheria ilivyo, na ndivyo inavyopaswa kuwa?

Wakili wa Mwanga: Hofu yako ina msingi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinakataza kusambaza ponografia ya watoto kwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili, na hakimtengi mtoto aliyetuma picha yake mwenyewe na mtu mzima anayeifanyia biashara. Ni kweli kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, kuhukumiwa kifungo, na shauri lake husikilizwa faraghani katika Mahakama ya Watoto. Kwa maoni yangu hilo halitoshi, kwa sababu kumwepusha binti na jela si sawa na kumtambua kuwa yeye ndiye aliyekosewa. Kifungu kirekebishwe kimlenge anayesambaza bila ridhaa na anayetisha kwa picha.

Mwalimu, Kasulu: Nakubaliana na wakili, ila kwa tahadhari: msamaha kwa mtoto aliyetuma picha yake mwenyewe ukiandikwa kwa ulegevu, mtu mzima aliyemrubuni binti atadai kwamba picha ilitumwa kwa hiari. Na mvulana huyo naye ni mtoto. Awajibishwe kupitia ustawi wa jamii, asifukuzwe shule tu na mambo yakaishia hapo. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi, au mpige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Tafadhali, msiwatumie ndugu picha hiyo kwa jina la ushahidi, kwa kuwa kila anayeituma tena anaisambaza.

Mjomba wa Ujiji: Ahsanteni. Dada alikwisha kuituma kwa kaka yetu aliyeko Uvinza. Nimempigia asimwonyeshe mtu. Kesho asubuhi tunakwenda dawatini, na simu ya binti tutaipeleka kama ilivyo.